Zamu ya Kula na Mama

Mimi sikai. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni, na kwamba hata tumboni nilizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Tulipotoka Tabora kuja Ibra, huku Uarabuni, nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nyumba za huku, kwa kuta zake nene na mchana wake usio na sauti, zilinibana kifua. Nikasoma, nikapata kazi ya ualimu katika shule ya wasichana Mudhaibi, nikajifunza kuendesha gari wakati wanawake wengi wa mtaa wetu walikuwa bado wanakaa kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo safari yoyote kwangu ilikuwa njema. Mtu akisema amesahau kanga yake Sur, mimi nilikuwa nishashika ufunguo.

Kwa hiyo msinisifu kwa kuwapeleka wauguzi kanisani. Nilikuwa najitafutia barabara.

Walikaa ng'ambo ya kichochoro chetu, ghorofa ya juu, juu ya duka la matairi. Karibu wote walikuwa Wahindi wa Kerala, wauguzi wa hospitali. Mmoja peke yake alikuwa Mtanzania, mtu wa Songea, mrefu, mwenye mwanya, na mumewe alikuwa fundi wa maabara huko Sur. Walionana Alhamisi moja moja, kazi ikiwaruhusu. Huyu ndiye aliyetuletea wengine. Siku moja alimsikia mama akinigombeza kwa Kiswahili, sauti ikivuka ukuta, akaja akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, mama." Ibra ina wasema Kiswahili wengi, lakini wengi wao ni watu wa Unguja, na mama alikuwa hajasikia siku nyingi sauti ya mtu wa bara aliyetoka huko juzi. Akaitikia marahaba, akamshika mkono, na hakumwachia mpaka alasiri. Alimuuliza habari za asali ya Tabora kana kwamba Tabora na Songea ni chumba na ukumbi.

Walikuwa Wakatoliki. Kanisa lao lilikuwa Ruwi, zaidi ya saa mbili kwa barabara ile ya zamani, na misa waliyoweza kuihudhuria ilikuwa ya Ijumaa, kwani ndiyo siku ya mapumziko. Teksi iliwasumbua. Mara inakuja, mara dereva kalala. Nikasema nitawapeleka mimi, wanne wanne, kwa zamu. Mama akasema, "Haya, mwenye siafu kapata kazi."

Wao wakiingia ndani, mimi nilibaki nje nikizunguka ua. Nilikuwa na kivuli changu chini ya ukuta, lakini sikukitumia. Ua ule haukuwa na utulivu, na hilo lilinifaa. Misa moja ikitoka, nyingine inaingia, na kila kundi lugha yake: Wafilipino, Wagoa, Wakerala, Waarabu wa Lebanoni. Waliotoka hawakuondoka. Mwanamke aliyeachisha mtoto ziwa alimpa furushi la nguo mwenzake mwenye tumbo. Yaya aliyemkimbia bosi wake alikalishwa katikati ya wanawake watatu, mmoja akimlisha, mmoja akimsuka, wa tatu akiuliza nani anamjua mtu wa ubalozi. Siku moja nilimwona mwanamume mzima analia. Babake kafa kwao na yeye hakupata ruhusa ya kwenda. Watu waliomzunguka hata hawakumjua, maana yeye alitoka mji mwingine wa ndani huko, lakini walisimama naye jua kali mpaka alipomaliza kulia, kisha wakamtafutia gari la kumrudisha. Mimi nimekulia Tabora, najua mtaa mzima unavyolala kwenye mikeka ya mfiwa. Nililiona na nikalitambua, na sijui kwa nini lilinichoma. Labda kwa sababu Ibra tulikuwa na nyumba kubwa na mwisho wa siku kila mtu akafunga lake geti.

Padri wao alikuwa amewaambia watu wa miji ya mbali kwamba maadamu kanisa ni mbali, kila mji uwe kanisa lake: asiugue mtu peke yake, asifiwe mtu peke yake, asile sikukuu peke yake. Yule wa Songea akalipa jambo hilo jina la kwao, jumuiya, na Wahindi wakalichukua neno hilohilo, wakalitamka kwa ulimi wao. Jumatatu jioni walikusanyika sebuleni kwao, wakasali kwa sauti ndogo, halafu wakagawana zamu. Mwenye homa, zamu ya kulala naye. Aliyejifungua, zamu ya kumwogesha mtoto. Mwenye kazi Ijumaa, mwenzake anamshikia ili naye afike Ruwi. Zamu zote zilikaa kichwani mwa mama mmoja mnene wa Kerala waliyemwita Dada Mkubwa. Nilikuwa namwogopa kuliko mkuu wangu wa shule.

Halafu mama akapata kidonda mguuni.

Alikuwa na sukari miaka mingi, na akiichukulia kama mgeni asiyeondoka, wa kuvumiliwa tu. Kidonda kilianza chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kwa kiatu kipya alichokinunua mapema kwa ajili ya Idi. Kikageuka jicho jekundu, kikaanza kunuka. Daktari alikitazama, akamtazama mama, kisha akaniambia mimi kwa Kiarabu cha taratibu kwamba mgonjwa huyu lazima ajichome sindano kwa saa zake na ale kwa saa zake, asubuhi, mchana na jioni. Sukari ikitulia, kidonda kitafunga. Isipotulia, baada ya Idi ataukata mguu, na akauweka ukingo wa kiganja chake chini tu ya goti la mama. Mama alivuta kanga ikafunika goti.

Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki chache.

Siku iliyofuata yule wa Songea alikuja na sanduku la bendeji. Kesho yake akaja Dada Mkubwa. Keshokutwa mwingine. Kumbe Jumatatu walikuwa wamemweka mama kwenye zamu zao, kila alasiri mmoja wao anakuja kumwosha kidonda na kukifunga, baada ya kusimama hospitalini kutwa. Nikamuuliza yule wa Songea mbona mama si mtu wa kanisa lao. Akasema mama ni mtu wa kichochoro chao. Nilimwonya mama pembeni kwamba labda wana lao jambo. Mama akasema kama wanataka kumbatiza basi waanze na mguu, maana ndio wenye haja ya kuoshwa.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo nilikuwa nazunguka ua wa Ruwi nikasikia, kwenye kipaza sauti, padri akiwaombea wagonjwa. Katikati yao akamtaja mama wa Ibra mwenye mguu. Damu ilinipanda. Mama yangu anaombewa na mamia ya watu wasiomjua, mbele ya msalaba, na mimi niko nje na funguo za gari mkononi. Nilipofika nyumbani nikamweleza mama kwa hasira, nikingoja aungane nami. Akaniuliza:

"Walitaja wa kushoto au wa kulia?"

Nikasema hawakutaja.

"Basi uwaambie ni wa kushoto. Wasije wakauombea usioumwa."

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziliingia karibu pamoja, siku zilipishana kidogo tu. Mama akafunga. Nilijua atafunga na bado nilipoona kikombe chake kimekauka asubuhi nilihisi miguu inataka kukimbia. Nilimbembeleza, nikamgombeza. Akasema amefunga tangu ana umri wa miaka tisa na hajaacha siku ila zile za uzazi na za wanawake. Nikampigia simu mjomba, ndugu yake aliyekuwa Nizwa, mtu aliyesoma dini. Alikuja siku hiyohiyo na halwa, akaketi, akamweleza kwa upole kwamba Mungu mwenyewe amempa mgonjwa rukhsa, na kuikataa zawadi ya Mungu si uchaji. Mama akasikiliza kwa adabu zote. Mjomba alipomaliza akamwambia, "Ni kweli, ndugu yangu. Rukhsa ni ya wagonjwa. Mimi nina kidonda tu." Mjomba akarudi Nizwa, akaniachia halwa.

Kila asubuhi nilikwenda Mudhaibi nikifundisha huku roho ikiwa imebaki jikoni kwetu. Nilikuwa nawakalipia wanafunzi bure. Mara mbili nilimkuta mama kajilaza, jasho linamtoka, maneno yanamgongana, sukari imeshuka, na mara zote mbili aliyekuwa amemuwahi kwa asali ulimini ni mmoja wa wale wauguzi aliyepita tu kuchungulia. Asali ya kulazimishwa, mama alisema, haihesabiwi. Kidonda kikapanuka. Dada Mkubwa alikifunga siku moja, na alipofika mlangoni akanionyesha kwa mkono vilevile alivyoonyesha daktari, lakini juu kidogo, kwenye goti lenyewe.

Katika hali hiyo mama alikuwa hajaacha jambo moja: sahani. Kila Ramadhani, kabla ya magharibi, vyakula huvuka vichochoro. Wewe unapeleka harisi, jirani anarudisha sambusa, na sahani hairudi tupu. Mama alikaa kwenye kiti jikoni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiniamrisha. Alitaka wale watoto waliomwosha mguu wapate sehemu nzuri. Harisi ya mbuzi, ngano na nyama vimepondwa mpaka vikawa kitu kimoja, samli juu. Thared, mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa nyama. Sambusa za nyama. Nilipanda ngazi za duka la matairi kila jioni na bakuli, wao wakapokea kwa mikono miwili na kushukuru, na kesho yake bakuli likarudi na ndizi za kukaanga au dengu zenye nazi. Mama alikuwa akiniuliza kila siku, "Walikula?" Nikamjibu, "Wanaramba vidole."

Alasiri moja akaja kijana wa Kibangali aliyefagia hospitalini. Alisimama mlangoni na bakuli letu la enameli, lile jeupe lenye ukingo wa buluu, akampa mama salamu nzuri, akamshukuru kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwa harisi tamu ya kila siku, yeye na wenzake wote pale getini. Bakuli aliliona lina nukta ya rangi nyekundu ya kucha chini yake, akauliza ni la nani, akaelekezwa huku. Akaona adabu ni kulirudisha mwenyewe. Mama alimpa tende. Alipoondoka, mama akabaki ameshika bakuli, akiitazama ile nukta, alama aliyoitia kwa mkono wake mwenyewe.

"Kumbe hawali."

Sijawahi kumwona mama ameumia vile. Kidonda hakikumliza, hili lilimliza. Alisema kwa hiyo wanamwona mchafu, wanaogopa chakula cha mwenye kidonda. Akaniagiza nikamwite yule wa Songea. Nilivuka kichochoro kwa hatua za kutafuta ugomvi, na kusema kweli niliufurahia, maana angalau sasa palikuwa na kitu cha kufanya.

Yule binti alikuja, akapiga magoti kwenye mkeka, akalia kabla hajaulizwa. Akaeleza. Wenzake wa Kerala katika Kwaresima yote hawali nyama wala samaki wala mayai. Ndiyo desturi ya kwao. Kwao Songea wanaacha nyama Ijumaa tu, ila yeye mwaka huu amefunga kama wenzake, siku zote. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mama apike kitu kingine, mtu mwenyewe mgonjwa, anapika akiwa na njaa. Wakaona bora thawabu iende kwa wenye kula. Dada Mkubwa ndiye aliyewakataza wasiseme.

Mama aliweka bakuli kando. Kisha akamwambia asogee. Akamshika kidevu, akalivuta kope la chini kwa kidole gumba, akalitazama kama anavyotazamwa samaki sokoni. Lilikuwa jeupe.

"Una mimba," mama akasema.

Akakubali. Mimba ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Damu yake ilikuwa chini, alijua, yeye mwenyewe muuguzi. Mumewe kila akija kutoka Sur anamletea samaki, naye anawagawa. Alikuwa ameweka nadhiri: hatagusa kitu chenye damu mpaka Pasaka, Mungu amwachie mtoto huyu. Alisema nadhiri haivunjwi kwa sababu mtu ana kizunguzungu.

"Unamwomba Mungu mtoto, na mtoto unamnyima chakula."

"Na wewe, mama, unamwomba Mungu nini? Maana mguu unamrudishia."

Alisema hayo akitazama chini, kwa heshima zote, na bado chumba kizima kilishtuka. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia mama hivyo. Mjomba na dini yake hakuthubutu. Mama akamwambia aende zake, na yule binti akaenda.

Ijumaa ile nilimpeleka Ruwi. Garini sote tulikuwa tumefunga, kila mtu kwa namna yake. Baada ya misa nilimwona pembeni ya ua anazungumza na padri, kichwa kimeinama, na padri anatikisa chake polepole. Alirudi garini akaniambia padri amesema mjamzito na mgonjwa hawafungwi na mfungo, na nadhiri yake anamgeuzia: badala ya kuacha nyama, amhudumie mgonjwa mmoja mpaka apone au afe. Nikasema alhamdulillahi, basi leo utakula. Akasema, ruhusa amepewa, ila mkono hautakwenda.

Pale ndipo nilipolipuka. Niliegesha gari kando ya barabara, katikati ya jangwa, nikashuka, nikazunguka gari nikipiga kelele. Nikasema hawa wawili wametoka tumbo moja, kila mmoja ana ruhusa mfukoni na anaiona ni ya mwenzake, nami ndiye nitakayewazika wote. Wale Wahindi wa kiti cha nyuma hawakuelewa neno, wakaanza rozari. Nilipochoka nikarudi kwenye usukani. Yule wa Songea akaniuliza taratibu kama mama anapenda maini.

Kesho yake, Jumamosi, nilirudi mapema kutoka shule, nikapita sokoni nikanunua maini ya mbuzi. Mchana, nimefunga, nikayakaanga na vitunguu na pilipili manga. Mchana wa Ramadhani, Ibra, harufu ya maini! Nilifunga madirisha yote, nikaziba chini ya mlango kwa taulo, na bado ilitoka. Nikawasha ubani kwenye vyetezo viwili, nikaongeza udi, nyumba ikajaa moshi mpaka macho yakatiririka. Jirani aligonga ukuta akauliza kama tuna harusi. Nikamjibu tunafukiza chumba cha mgonjwa.

Nikaweka sinia la wali na maini kwenye chumba cha ndani. Yule binti aliingia akakaa upande mmoja wa mkeka, mama upande wa pili. Mama alikuwa amekataa kuja. Nilimwambia mtoto wa watu atapoteza mimba ya tatu, na kwamba amesema hali mpaka mama ale. Aliingia akiushika ukuta.

Walitazamana. Mama akasema, "Anza."

"Anza wewe, mama."

Maini yakaanza kupoa. Nilikuwa nimesimama dirishani na chetezo. Mama akakata tonge la wali, akaliwekea kipande cha ini, akanyoosha mkono akamtia yule binti kinywani, kama unavyomlisha bibi harusi au mtoto mwenye kisirani. Yule akatafuna, machozi na chakula pamoja. Kisha yeye naye akakata tonge, akampelekea mama. Mama alifumba macho. Nilimwona anasema bismillahi, midomo tu. Akafungua kinywa.

Alikula akilia. Akasema hawezi kufanya hivi peke yake, kula mchana wa Ramadhani kwenye kona kama mwizi. Atakula tu kama yupo mtu wa kula naye. Mimi nilikuwa nimefunga, mzima wa afya, sikuwa na udhuru. Nikabaki natembeatembea na moshi wangu.

"Kaa chini, mwanangu, unakitia chakula upepo."

"Nimefunga, mama. Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu."

Sikukaa. Nilikwenda kuangalia taulo la mlangoni.

Jumatatu Dada Mkubwa alisikia habari, na zamu zikageuzwa. Kufunga kidonda kuliendelea alasiri, lakini sasa palikuwa na zamu mpya, ya adhuhuri: kula na mama. Yule wa Songea alichukua siku zake za mapumziko, na siku zilizobaki wakazigawana wale wa Kerala, wasiogusa nyama, ambao mama aliwapikishia kunde na bamia. Kazi yao ilikuwa kuketi na kutafuna. Nimeona watu wengi wakitoa sadaka maishani mwangu. Sijaona watu wengine waliotoa njaa yao, waje kukaa na mwanamke wa dini nyingine, nyumba imejaa moshi wa ubani, wale naye kwa zamu ili asione haya mbele ya Mungu wake. Niliwapenda wanawake wale. Nasema sasa kwa sababu wakati ule nilikuwa nikiwahimiza tu wamalize nioshe vyombo.

Baada ya Idi daktari akakata kidole kidogo. Kimoja. Mguu akauacha. Mama alimwomba ampe kile kidole akizike, na akakizika chini ya mlimao uani, akisema kimetangulia kumshikia nafasi.

Mtoto alizaliwa Sur mwishoni mwa kiangazi, wa kiume, mkubwa. Yule binti alimleta akamweka mapajani mwa mama, na mama akampa jina lake la nyumbani, Mtoto wa Maini, ambalo mamake hakulipenda lakini aliliitikia. Miaka michache baadaye yule binti na mumewe walirudi Tanzania. Dada Mkubwa alistaafu akaenda kwao. Wauguzi wakahamishiwa nyumba mpya upande wa hospitali, na ile ghorofa ya juu ikawa ghala la matairi. Ramadhani ikaondoka kwenye Kwaresima, kila mwaka ikirudi nyuma, ikaingia kwenye baridi, ikaendelea. Lakini kila mwaka siku ya kwanza ya mfungo, adhuhuri, mlango uligongwa. Aliyeondoka alimkabidhi anayekuja: mtaa ule, mlango wa kijani, ukale na mama. Walikuja wasichana ambao hawakuwahi kukiona kidonda chake. Mama aliwaonyesha mguu wenye vidole vinne kama hati ya nyumba.

Na mimi kila mwaka nilikaanga, nikafukiza, nikasimama.

Mama alifariki kiangazi kimoja, moyo, usingizini. Walikuja watu wengi, na wauguzi wale waliobaki walikuja na kukaa na wanawake kwenye mikeka siku zote tatu. Baadaye wengine wakaenda likizo, wengine wakahama, mimi nikarudi kwenye barabara zangu. Niliendesha gari mpaka Ashkhara bila haja yoyote, nikatazama samaki waliokaushwa, nikarudi. Nilipanda Jabal Akhdar, nikashuka. Nyumba sikuiweza.

Ikaja Ramadhani. Siku ya kwanza niliamka bila kutulia kuliko siku zote. Nilifagia, nikapangua kabati, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Adhuhuri nikajikuta nimesimama jikoni, madirisha yamefungwa, taulo chini ya mlango, ubani unawaka, na kwenye kikaango maini yanageuka rangi. Sikukumbuka kuyanunua. Nilizima jiko nikaegemea ukuta.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa msichana wa Kerala, mdogo, amepiga pasi nguo zake, ametoka hospitali ya Nizwa wiki iliyopita kuhamia Ibra. Mwenzake aliyerudi kwao mapema mwaka ule, kabla ya kiangazi, alimwelekeza kwa simu. Alinipa salamu, akavua viatu, akaingia mpaka chumba cha ndani kama mtu anayeijua nyumba, akakaa upande wake wa mkeka. Kisha akaangalia upande wa pili.

"Mama yuko wapi?"

Nikamwambia. Akaweka mkono mdomoni. Akaanza kuinuka, akaomba radhi, akasema hakujua, ataondoka. Nikamwambia chakula kipo tayari, amekuja njia ndefu kwenye jua, ale. Nikaleta sinia. Aliutazama wali, akaninong'oneza kwa Kiarabu chake kwamba hawezi; ameambiwa kazi yake ni kula pamoja na mtu, na peke yake hajui ataanzaje.

Nilikuwa nimeshika chetezo. Nikakiweka chini.

Nikaketi kwenye mkeka, mahali pa mama, nami nimefunga vilevile. Nikakata tonge la wali, nikaliwekea kipande cha ini, nikamtia kinywani. Akatafuna. Nikangoja ameze, nikakata jingine.